Moto Ndani ya Silinda: Injini za Mlima wa Vugiri

Mtu apandaye mlima kutoka mji wa Korogwe kwenda Vugiri husikia injini nyingi kabla hajafika aendako. Kule chini barabara kuu imejaa ngurumo za mabasi na malori. Akiianza njia ya mlimani hupitwa na pikipiki zenye sauti nyembamba ya haraka. Penye kona kali hukutana na lori lililosheheni majani mabichi ya chai, au mbao, au ndizi, likinguruma kwa sauti nzito. Na katika kijiji ambacho mashine ya kusaga bado haijahamia kwenye umeme, husikia tuku-tuku-tuku ya injini ya dizeli, taratibu, isiyobadilika, kama moyo wa mzee mwenye afya. Pengine kutoka bondeni huja pia mlio mkali wa msumeno wa mnyororo upasuao gogo.

Sauti hizo ni tofauti, lakini asili yake ni moja. Zote ni sauti za mafuta yanayochomwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa kila sekunde, ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa. Katika makala haya tutaeleza jinsi chumba hicho kinavyofanya kazi, kwa nini injini hizo hazifanani, na kwa nini mtu aishiye mlimani anahitaji kuzielewa kuliko hata yule wa tambarare. Tofauti kati ya mwenye kuzielewa na asiyezielewa huweza kuwa ni injini iliyokufa kabla ya wakati wake. Na mara nyingine, katika mteremko au katika chumba kisichopitisha hewa, huwa ni uhai wa mtu.

Moto wa nje na moto wa ndani

Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Magari ya moshi ya zama hizo yalivutwa na injini za mvuke, na katika injini ya mvuke moto huwa nje. Kuni au makaa huwaka katika tanuri. Joto huchemsha maji yaliyo katika tangi kubwa la chuma. Mvuke hupelekwa kwa mabomba hadi kwenye silinda, na humo ndimo unaposukuma pistoni. Joto jingi hupotea njiani. Zaidi ya hayo, mashine hulazimika kubeba maji yake na kuni zake, na dereva huwasha moto saa kadhaa kabla ya safari. Injini ya namna hiyo huitwa injini ya mwako wa nje.

Wahandisi wa Ulaya wa karne ya 19 walijiuliza: je, haiwezekani kuondoa tangi la maji na kuuwasha moto palepale penye pistoni? Mwaka 1860, mjini Paris, Étienne Lenoir alifanikiwa kutengeneza injini ya gesi iliyofanya hivyo. Ilizunguka, lakini ilikuwa mlafi: ilikula gesi nyingi mno kwa kazi ndogo, kwa sababu iliwasha mchanganyiko wa gesi na hewa bila kuushindilia kwanza. Jibu lililodumu lilipatikana mwaka 1876, wakati Nikolaus Otto wa Ujerumani alipokamilisha injini ya mapigo manne. Pikipiki inayopanda Vugiri leo, ingawa imetengenezwa Asia na ina vifaa ambavyo Otto hakuviota, hufuata mapigo yale yale.

Kinu, mchi na kanyagio

Silinda ni tundu la duara lililochongwa ndani ya bonge la chuma. Ndani yake hupanda na kushuka pistoni, mfano wa mchi katika kinu, isipokuwa mchi huu umebana kabisa: una ringi za chuma zinazozuia hewa isipenye kati yake na ukuta wa silinda. Kwa chini pistoni imeunganishwa kwa mkono wa chuma na krenki, yaani mtaimbo wenye kiwiko. Anayetaka kuelewa kazi ya krenki amtazame mpanda baiskeli. Goti lake hupanda na kushuka tu, lakini kanyagio huzunguka. Goti ni pistoni, muundi ni mkono wa chuma, na kanyagio ni krenki.

Juu ya silinda kuna milango miwili, nayo huitwa valvu. Mmoja huingiza hewa, wa pili hutoa moshi. Katika injini ya petroli pana pia plagi, ambayo kazi yake ni kutoa cheche.

Pistoni inaposhuka mara ya kwanza, valvu ya kuingizia huwa wazi, na mchanganyiko wa hewa na petroli huvutwa ndani. Kisha valvu zote hufungwa, pistoni hupanda, na mchanganyiko hushindiliwa katika nafasi ndogo, kwa kawaida sehemu moja ya nane hadi sehemu moja ya kumi na moja ya nafasi ya kwanza. Karibu na kilele plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, gesi hupata joto kali na kutaka kupanuka, nayo huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hilo ndilo pigo la kazi. Mwishowe pistoni hupanda tena huku valvu ya kutolea ikiwa wazi, na moshi hufukuzwa kupitia ekzosi. Mwanafunzi anaweza kuyakumbuka kwa maneno manne: vuta, shindilia, washa, toa.

Wengi husema mafuta "hulipuka" ndani ya silinda. Usemi huo haufai sana. Katika injini yenye afya moto husambaa kutoka kwenye plagi kwa mpangilio, upesi lakini si kwa ghafla. Mafuta yakilipuka kweli, yote kwa mara moja, husikika mgongo mkali wa chuma, na injini ikiendeshwa hivyo kwa muda mrefu pistoni hutoboka. Petroli nzuri ni ile iwezayo kuvumilia kushindiliwa bila kulipuka yenyewe. Kwa miaka mingi viwanda viliipa petroli uvumilivu huo kwa kuitia risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto wakuao kando ya barabara. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli ya namna hiyo ilipofika mwaka 2006.

Msomaji makini atakuwa ameona tatizo moja. Katika mapigo manne ni moja tu litoalo nguvu. Matatu yaliyobaki hula nguvu. Ni nini basi kinachoizungusha injini katika mapigo hayo matatu? Ni gurudumu zito lililofungwa kwenye krenki, ambalo mafundi huliita flaiwili. Gurudumu hilo hupokea nguvu katika pigo la kazi na kuirudisha kidogo kidogo katika mapigo mengine, kama mkulima avunaye mara moja kwa msimu na kula ghalani hadi msimu mwingine. Injini yenye silinda nne au sita hazihitaji ghala kubwa, maana silinda zake hupokezana. Ile yenye silinda moja huhitaji ghala kubwa kweli kweli, na ndiyo maana mashine za zamani za kusaga zina magurudumu mawili ya chuma yenye kimo cha kiuno cha mtoto.

Injini ya dizeli

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki unga umesagwa kwa injini za Lister zilizotengenezwa Dursley, Uingereza, kuanzia karibu na mwaka 1930, au kwa nakala zake zilizotengenezwa India. Ile ndogo, yenye silinda moja, huzunguka mara 650 hivi kwa dakika na kutoa nguvu za farasi 6. Kwa kuwa pigo la kazi hutokea mara moja katika mizunguko miwili, husikika mapigo 325 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya matano kwa sekunde. Sikio la mtu karibu linaweza kuyahesabu. Pikipiki izungukayo mara 6,000 kwa dakika hutoa mapigo 50 kwa sekunde, na sikio huyasikia kama mlio mmoja. Tofauti ya sauti tuliyoisema mwanzoni inatokana na jambo hilo.

Lakini kuna tofauti kubwa zaidi. Ukiichunguza injini ya dizeli hutaona plagi ya cheche. Ni nani basi anayewasha moto?

Jibu linapatikana katika pampu ya baiskeli. Ziba tundu la pampu kwa kidole na ushindilie mara kadhaa kwa nguvu. Utahisi pampu inapata joto. Hewa ikishindiliwa upesi hupata joto, na kadiri inavyoshindiliwa ndivyo joto linavyozidi. Injini ya dizeli huvuta hewa tupu bila mafuta, kisha huishindilia hadi sehemu moja ya kumi na tano, au ya ishirini, ya nafasi yake ya kwanza. Joto la hewa hiyo hupita nyuzi 500 za Sentigredi. Ndipo nozeli hupuliza dizeli katika matone madogo kama ukungu, nayo huwaka yenyewe mara iigusapo hewa hiyo.

Aliyebuni injini hii ni Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858 kwa wazazi Wajerumani. Injini yake ilipopimwa huko Augsburg mwaka 1897, iligeuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, wakati ambapo injini nyingi za mvuke hazikufikia hata nusu ya kiasi hicho. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, jambo ambalo wakulima wa karanga wangependa kulijua. Diesel mwenyewe alitoweka baharini mwaka 1913 akiwa safarini kwenda Uingereza.

Faida ya dizeli kwa mwenye mashine ya kusaga ni dhahiri. Mgandamizo mkubwa humaanisha kazi zaidi kwa kila lita. Injini hii haina mfumo wa umeme wa cheche wa kuharibika wakati wa mvua za mlimani. Huwashwa kwa mkono: mwendeshaji huinua kishikizo kinachoacha valvu wazi ili pistoni isishindilie hewa, huzungusha hendeli hadi flaiwili ishike mwendo, kisha hukiachia kishikizo, na pigo la kwanza hudakwa. Baada ya hapo kifaa kiitwacho gavana huangalia mwendo. Debe la mahindi likimiminwa na mzigo ukaongezeka, injini hutaka kupungua mwendo, na gavana huongeza dizeli bila kuamriwa na mtu.

Hasara zake ni uzito na bei, kwani mgandamizo mkubwa hudai chuma kinene. Pia dizeli huhitaji usafi kuliko petroli, na hapa hatuna budi kusimama kidogo.

Pistoni ndogo iliyo ndani ya pampu ya dizeli imechongwa kwa usahihi wa ajabu. Nafasi kati yake na ukuta wake ni elfu chache tu za milimita, nyembamba mara nyingi kuliko unywele. Humo hamna oili ya kulainisha. Kinachoilainisha ni dizeli yenyewe inayopita. Mtu akichanganya dizeli na mafuta ya taa, ambayo ni mepesi na hayana utelezi wa kutosha, huinyima pampu kilainisho chake. Injini itawaka, pengine hata itatoa moshi mdogo zaidi, na mwenye gari hatatambua lolote siku hiyo. Baada ya muda pampu hulika, nozeli huanza kudondosha badala ya kupuliza, na gharama ya matengenezo humeza faida ya miezi mingi. Uchakachuaji huu ulienea sana Tanzania mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kwa bei. Serikali ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei zikaribiane na kishawishi kiondoke. Kwa maoni yetu hatua ya pili ilitibu kiini cha ugonjwa, ingawa ilimuumiza mwanakijiji aliyekuwa akisomea watoto kwa kibatari.

Mapigo mawili, na mengineyo

Msumeno wa mnyororo, na mashine nyingi za zamani za boti za wavuvi wa Pangani na Tanga, ni wa ukoo mwingine. Injini zake hukamilisha kazi yote kwa mapigo mawili: pistoni ipandapo hushindilia, ishukapo husukumwa, na mwishoni mwa kushuka hufunua matundu ubavuni mwa silinda, moshi ukatoka na mchanganyiko mpya ukaingia kwa wakati mmoja. Hazina valvu za kufunguka na kufunga juu ya silinda, ni nyepesi, na kila mzunguko una pigo la kazi. Kwa kazi ya kubebwa mkononi hazina mshindani rahisi. Lakini sehemu ya petroli mbichi hutoroka pamoja na moshi, na kwa kuwa chumba cha krenki hutumiwa kupitishia mchanganyiko, oili hapana budi itiwe ndani ya petroli yenyewe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Atiaye petroli tupu huua injini hiyo kwa siku moja.

Mtu asidhani kwamba mapigo mawili ni ya mashine ndogo tu. Meli kubwa kabisa za mizigo huendeshwa na injini za dizeli za mapigo mawili, ambazo huzunguka mara 100 hivi kwa dakika na kugeuza karibu nusu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Mojawapo, yenye silinda 14, iliyoanza kazi melini mwaka 2006, hutoa nguvu ya megawati 80. Kituo cha umeme cha Pangani Mpya, kilichofunguliwa mwaka 1995 na kinachotumia mto mzima wa Pangani, kina megawati 68.

Kuna pia injini ya Felix Wankel, ambayo badala ya pistoni ina kipande cha pembe tatu kinachozunguka. Ni laini na nyepesi, lakini hula mafuta mengi na haikuenea. Tabo za gesi za ndege nazo ni injini za mwako wa ndani, ila moto wake hauzimiki wala haupokezani kwa mapigo.

Hewa ya mlimani

Turudi Vugiri. Mji wa Korogwe uko karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, na milima ya upande wa Vugiri na Ambangulu hupita mita 1,000. Kadiri mtu apandavyo hewa hupungua uzito, takribani asilimia 1 kwa kila mita 100. Injini hupumua kwa ujazo: silinda hujaa kila mara, lakini kilichojaa ni hewa nyepesi yenye oksijeni pungufu. Kwa hiyo injini ya kawaida hupoteza kati ya asilimia 5 na 10 za nguvu zake kati ya Korogwe na kileleni, na hiyo ni pale inapohitaji nguvu zaidi. Dereva akilazimisha dizeli zaidi bila hewa ya kuichoma, hapati nguvu bali hupata moshi mweusi, yaani makaa ambayo ameyanunua na kuyatupa. Dawa ni kushusha gia. Malori ya siku hizi yana tabo ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusindikiza hewa ndani ya silinda, nayo hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea.

Hata hivyo, si kupanda kunakoua watu mlimani. Ni kushuka.

Fikiri lori la tani 10 lishukalo mita 700 hadi tambarare. Nishati ambayo lori hilo lilikuwa nayo juu kwa sababu ya uzito wake ni joule milioni 68 hivi, na ifikapo chini haina budi iwe imekwenda mahali fulani, au sivyo lori litakuwa likikimbia kama risasi. Nishati hiyo ingetosha kuchemsha pipa zima la lita 200 za maji yaliyokuwa baridi. Dereva ategemeaye breki peke yake hulipeleka pipa hilo la moto lote katika ngoma chache za chuma zilizo magurudumuni. Mwanzoni breki hushika. Zinapopata joto kupita kiasi, liningi hupoteza mshiko. Ngoma hutanuka na kujitenga na liningi. Katika magari madogo yatumiayo mafuta ya breki, mafuta yaliyokwisha kunyonya unyevu huchemka, mapovu huingia katika mabomba, na kanyagio huzama hadi chini bila kushika kitu. Breki hizo zilikuwa nzima gari lilipoondoka. Ukaguzi wa asubuhi usingeonyesha kasoro yoyote.

Injini ndiyo mwokozi hapa, kwa sababu injini inayolazimishwa kuzunguka bila kupewa mafuta hugeuka kuwa mzigo. Katika injini ya petroli, dereva aachapo kanyagio cha mafuta mlango wa hewa hufungwa, na kila pistoni ishukapo hujaribu kunyonya mahali pasipo na hewa. Kazi hiyo huzuia gari. Injini ya dizeli kwa kawaida haina mlango huo. Huvuta hewa tele, huishindilia, kisha hewa iliyoshindiliwa huisukuma pistoni kurudi kama springi, hivyo kizuio chake ni dhaifu kuliko wengi wanavyodhani. Ndiyo sababu malori mengi ya dizeli yana breki ya ekzosi, kipande kinachoziba njia ya moshi ili pistoni zipambane na hewa isiyoweza kutoka. Dereva wa mlimani aliye na kifaa hicho kibovu ana gari pungufu, hata kama injini yake inanguruma vizuri.

Kizuio cha injini hukua kadiri injini izungukavyo upesi na gari liendavyo polepole, maana yake gia ya chini. Madereva wazee wana kanuni kwamba mteremko hushukwa kwa gia ile ile ambayo ungeupanda. Hesabu inakubaliana nao kwa njia ya pili pia: joule milioni 68 zikitolewa kwa dakika 15 ni kilowati 76 za joto, na zikitolewa kwa nusu saa ni kilowati 38, kiasi ambacho upepo una nafasi ya kukiondoa. Na gia ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza. Lori likishashika kasi, kujaribu kushusha gia huweza kuliacha bila gia yoyote.

Wapo wanaoshuka kwa gia huru, wengine wakiwa wamezima injini kabisa, kwa nia ya kuokoa mafuta. Ni uwekevu wa uongo. Katika injini nyingi zenye pampu na nozeli, iwe dizeli au petroli ya kisasa, gari lishukapo ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa, mafuta hukatwa kabisa. Bali likiwa katika gia huru injini hulazimika kunywa mafuta ili isizimike. Na aliyezima injini amejinyang'anya pia msaada wa breki na wa usukani, ambao hutolewa na injini hiyo hiyo. Breki za gari dogo zitakanyagika kwa urahisi mara mbili tatu, kisha zitakuwa ngumu kama jiwe. Waendesha pikipiki wanaoserereka kimya na abiria wawili nyuma wanajua kwamba pikipiki haina msaada huo wa kupoteza. Wasilolijua wengine ni kwamba breki yao ndogo ya nyuma inabeba peke yake kazi ambayo ingegawanywa.

Chumba cha mashine

Hatari ya pili haina kelele. Kila mafuta yachomwapo pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Damu huishika hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, na mtu hufa kwa kukosa pumzi huku mapafu yake yakipumua sawasawa. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na kwa kuwa hufanana na malaria, mgonjwa hulazwa ndani ya chumba kile kile kilichomdhuru. Anayeonyesha dalili hizo karibu na injini atolewe nje penye hewa safi kwanza, kisha apelekwe kwa mganga.

Injini ndogo za petroli za kuzalisha umeme ndizo mbaya zaidi. Zisiwashwe ndani ya duka au nyumba, hata mlango ukiwa wazi, hata mvua ikinyesha. Injini ya dizeli hutoa hewa hiyo kwa uchache, lakini masizi yake si ya kudharauliwa: mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu visababishavyo saratani. Bomba la ekzosi la mashine ya kusaga lipite ukutani na kupanda juu ya paa, mbali na dirisha la wanaosubiri unga. Hao ni kina mama na watoto, nao hukaa hapo muda mrefu.

Chumba hicho kina adui mwingine, ila huyu ni adui wa injini: vumbi la unga. Likivutwa ndani huziba chujio la hewa, injini hukosa pumzi na kuanza kutoa moshi mweusi. Mwendeshaji asioshaye chujio hulaumu dizeli, hulaumu nozeli, na mara nyingine hulaumu fundi.

Joto lipoteapo, na gesi ya mkonge

Lita moja ya dizeli ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi. Injini nzuri ya kijijini hutoa 3 kwenye mkanda. Zilizobaki hugawanyika, karibu nusu kwa nusu, kati ya maji au hewa ya kupoza na moshi wa ekzosi. Mota ya umeme haina hasara ya namna hiyo mahali ilipo, na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umewezesha vijiji vingi kuachana na dizeli. Umeme unapokatika, mwenye kuitunza injini yake ya zamani hupata wateja wa vijiji vitatu.

Wala si lazima injini ichome mafuta ya kununua. Kule chini ya mlima, Hale, kampuni ya Katani ilijenga mwishoni mwa miaka ya 2000 mtambo wa kuozesha mabaki ya mkonge na kupata gesi ya kuendeshea injini ya umeme ya kilowati 150. Jani la mkonge hutoa karibu asilimia 4 tu za nyuzi. Yaliyobaki kwa miaka mingi yalitupwa. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, nayo ni vumilivu kwa mgandamizo, haiwaki yenyewe kirahisi. Kwa sababu hiyo huchomwa katika injini yenye plagi. Mwenye injini ya dizeli anaweza kuitumia pia kwa njia nyingine: gesi huingizwa pamoja na hewa, na dizeli kidogo hupulizwa kwa nozeli kama kiberiti cha kuiwashia. Namna hiyo ng'ombe wachache wa mkulima wa Vugiri huweza kupunguza sana dizeli ya mashine yake, mradi gesi ipitishwe kwanza katika chombo chenye vipande vya chuma vilivyoshika kutu. Gesi ya samadi huwa na salfa inayokula chuma cha injini, na kutu huinasa salfa hiyo kabla haijafika kwenye silinda. Vipande vikibadilika rangi na kuwa vyeusi, huanikwa nje katika hewa hadi kutu irudi, kisha hutumiwa tena.